Lugha gani ya skripti niipachike kwenye kihariri hati: Lua, JavaScript au Python?

hati_huru

Wakuu, habari za kazi. Nahitaji ushauri wa watu wanaojua kupachika lugha ya skripti ndani ya programu nyingine.

Kihariri kimeandikwa kwa C++17 na Qt 6 (maktaba ya kujengea programu za madirisha), hati yenyewe inakaa kwenye QTextDocument. Watumiaji ni watu wa steshenari na makarani wa ofisi: mitihani, mikataba, barua za kujaza majina. Mashine nyingi ni Windows 10 zenye RAM GB 4, tena kivinjari kimefunguliwa pembeni muda wote.

Skripti zitafanya kazi kama hizi: kuandika kiasi cha fedha kwa maneno (2,350,000 iwe "shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu hamsini"), kupanga upya namba za maswali ya mtihani na kujumlisha alama zilizo kwenye mabano, kujaza barua 300 kutoka faili la CSV, na kusawazisha apostrofi. Hii ya mwisho inasumbua kuliko inavyoonekana. Hati moja ina ng'ombe yenye alama iliyonyooka na ng’ombe yenye alama iliyopinda, ukitafuta neno unapata nusu.

Watakaoandika skripti ni vijana wawili watatu kila ofisi, wanajua JavaScript au Python kidogo. Wengine wote watabofya menyu tu. Nichukue lugha ipi, na ni kitu gani kitakachoniharibikia ambacho kwa sasa sikioni?

---

staki_juu

Lua 5.4. Kasi si sababu kubwa. Sababu ni kwamba Lua iliundwa ikae ndani ya programu ya mtu mwingine, si kusimama peke yake. Ilizaliwa chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, mwaka 1993, leseni yake ni MIT, na msimbo wote ni kama mistari 30,000 ya C ya kawaida. Unaziweka faili zake kwenye mradi wako wa CMake, unaacha nje lua.c na luac.c (zina main zake), na MSVC (kompaila ya Microsoft) inaikompaili bila kubembelezwa. State moja (mazingira ya kuendeshea skripti) yenye maktaba za kawaida inakula makumi machache ya kilobaiti, kwa hiyo kila skripti inaweza kupewa state yake na mashine ya GB 4 isihisi kitu. Kwenye kazi za hati si mgeni pia: LuaTeX imeiweka ndani ya TeX, na pandoc inapokea vichujio vya Lua tangu toleo 2.0 la mwaka 2017.

Usianze na luaL_openlibs. Hiyo inafungua io, os, package na debug, yaani skripti ya kupanga namba za mtihani inapewa uwezo wa kufuta faili. Tumia lua_newstate yenye mgao wako wa kumbukumbu, halafu fungua maktaba moja moja:

```
static void *mgao(void *ud, void *p, size_t zamani, size_t mpya) {
  Bajeti *b = static_cast<Bajeti *>(ud);
  if (!p) zamani = 0;
  if (mpya == 0) { b->imetumika -= zamani; free(p); return nullptr; }
  if (mpya > zamani && b->imetumika + (mpya - zamani) > b->kikomo)
    return nullptr;
  void *q = realloc(p, mpya);
  if (q) b->imetumika += mpya - zamani;
  return q;
}

static int andaa(lua_State *L) {
  luaL_requiref(L, "_G", luaopen_base, 1);
  luaL_requiref(L, "string", luaopen_string, 1);
  luaL_requiref(L, "table", luaopen_table, 1);
  luaL_requiref(L, "math", luaopen_math, 1);
  luaL_requiref(L, "utf8", luaopen_utf8, 1);
  for (const char *n : {"dofile", "loadfile", "load", "collectgarbage"}) {
    lua_pushnil(L); lua_setglobal(L, n);
  }
  return 0;
}
```

Angalieni ule mstari wa `if (!p) zamani = 0`. Tangu Lua 5.2, pointa ikiwa tupu namba hiyo haiwi ukubwa tena, ni aina ya kitu kinachoombewa nafasi. Ukiisahau, hesabu ya bajeti inapotoka kidogo kidogo, na baada ya saa moja skripti inaambiwa kumbukumbu imeisha wakati haijatumia hata robo.

MB 32 kwa skripti moja zinatosha barua 300. Mgao ukirudisha nullptr, Lua inakusanya taka kwanza, inajaribu tena, ndipo inatoa LUA_ERRMEM.

`andaa` iite kupitia lua_pcall (mwito unaodaka makosa), usiiite moja kwa moja. State iliyotengenezwa kwa lua_newstate haina funksheni ya dharura, kosa lolote lililo nje ya pcall linaua programu nzima, na hati ambayo haijahifadhiwa inaondoka nayo.

Skripti zipakie kwa luaL_loadbufferx ukitoa modi "t", ikubali maandishi tu. Intapreta haihakiki baitikodi (msimbo uliokwisha kukompailiwa). Baitikodi iliyochezewa inaweza kusoma na kuandika kumbukumbu ambayo si yake.

La mwisho kwa leo: ikompaili Lua kama C++, si kama C. Ikiwa C, kosa linasafiri kwa longjmp (mruko wa ghafla wa C), na longjmp inaruka juu ya vifungua-nafasi (destructor) vyote vya C++ vilivyo njiani. QString inavuja, kufuli halifunguliwi. Ikiwa C++ inatumia throw, kwa hiyo kila kitu kinasafishwa. Ukifanya hivyo jumuisha lua.h yenyewe, si lua.hpp, kwa sababu lua.hpp inafunga kila kitu ndani ya extern "C" na kiunganishi kitalalamika majina hayapatikani.

---

dada_pointa

Kizimba (sandbox) cha @staki_juu kiko sawa, lakini kwenye Qt mimi ningechukua JavaScript, na hoja yangu ni hiyo hiyo ng’ombe.

QString (stringi ya Qt) ni UTF-16, yaani vipande vya baiti mbili mbili. QTextCursor (kielekezi cha Qt ndani ya hati) inahesabu nafasi kwa vipande vya UTF-16. Stringi ya JavaScript nayo inahesabiwa hivyo hivyo. Stringi ya Lua ni baiti. Pima:

ng’ombe (apostrofi iliyopinda): QString 7, JavaScript 7, Lua kwa `#` ni 9, kwa utf8.len ni 7.

😀: QString 2, JavaScript 2, Lua kwa `#` ni 4, kwa utf8.len ni 1.

Kwa hiyo hata anayejiona mwangalifu akatumia utf8.len atakuwa sawa mpaka siku mtu atakapobandika kikaragosi kutoka WhatsApp juu ya barua. Kuanzia hapo kila nafasi inasogea kwa moja, na skripti inakata herufi ya jirani. Kosa la namna hii halionekani kwenye majaribio, linaonekana kwenye mkataba wa mteja.

Kwa injini zipo njia mbili. QJSEngine tayari iko kwenye moduli ya Qt QML, haina kitu cha kuongeza. Tangu 5.14 ina setInterrupted, unaiita kutoka thredi nyingine na skripti inasimama. Tatizo ni kwamba API yake haina mahali pa kuweka kikomo cha kumbukumbu. Na ukimpa newQObject kitu kisicho na mzazi, injini inakihesabu ni chake, mkusanya taka akipita anakifuta. Kihariri kinaanguka dakika kumi baadaye, sehemu isiyohusiana kabisa na skripti. Zaidi ya hayo kila slot ya umma ya kitu hicho inaonekana kwa skripti, basi usipitishe dirisha lenyewe, tengeneza QObject nyembamba yenye zile funksheni unazozitaka tu. Pia kumbuka Qt Script: ilitangazwa kuachwa kwenye 5.5, na Qt 6 haikuja nayo. Injini ya mwenye mfumo inaweza kuondoka na mfumo.

Njia ya pili, ninayoipendekeza, ni QuickJS ya Fabrice Bellard na Charlie Gordon (2019, MIT). Kwa MSVC chukua tawi la quickjs-ng, maana ile ya asili haikubali MSVC. Ina JS_SetMemoryLimit, JS_SetMaxStackSize na JS_SetInterruptHandler, na kosa linalotokana na kukatizwa haliwezi kudakwa na try/catch ya skripti. Faili la quickjs-libc usiliunganishe, ndilo lenye moduli za std na os.

Gharama yake ni usimamizi wa thamani. JS_GetPropertyStr inakupa thamani ambayo ni lazima uiachie kwa JS_FreeValue. JS_SetPropertyStr inaimeza unayoipa, hiyo usiiachie tena. Ukisahau ya kwanza, JS_FreeRuntime inasimamisha programu kwa assert unapofunga. Ukiirudia ya pili, inaanguka wakati wowote ijisikiapo.

Na hao vijana wako wanajua JavaScript tayari. Lua inaanza kuhesabu kwenye 1, na alama ya "si sawa" ni `~=`. Ni mambo madogo, ila ndiyo yatakayojaza simu yako.

---

kobe_polepole

Kabla mtu hajasema Python: kwa skripti ambazo huwaamini waandishi wake kwa asilimia mia, usiiweke ndani ya prosesi yako. Moduli ya rexec iliyokuwa kizimba chake ilizimwa tangu Python 2.3, mwaka 2003, na majaribio yaliyofuata yote yaliishia pale pale. Ukimnyima import na open, anaandika `().__class__.__base__.__subclasses__()` na kutoka hapo anatembea mpaka kwenye darasa lolote lililopakiwa. Lugha inajichungulia yenyewe kupita kiasi, huwezi kuziba kila dirisha.

Ikiwa ofisi inataka kweli maktaba za kusoma Excel, mpe Python kwenye prosesi ya pembeni, kama Sublime Text inavyofanya na plagini zake, mzungumze kwa JSON kupitia bomba. Kifurushi cha Windows cha kupachika ni takriban MB 10 kikiwa zip.

---

hati_huru

Asanteni sana, @staki_juu na dada @dada_pointa mmenichanganya kwa faida. Nimejaribu Lua kwanza kwa sababu ya udogo wake. Mambo mawili.

Moja: nimeweka mlinzi wa kupima muda (funksheni ambayo Lua inaiita kila baada ya idadi fulani ya amri), lakini skripti hii inaning'iniza kihariri:

```
while true do
  pcall(function() while true do end end)
end
```

Mlinzi wangu ni huu, umewekwa kwa lua_sethook, LUA_MASKCOUNT, kila amri 100,000:

```
static void mlinzi(lua_State *L, lua_Debug *) {
  Muda *m = *static_cast<Muda **>(lua_getextraspace(L));
  if (m->umeisha()) luaL_error(L, "muda umeisha");
}
```

Mbili: violezo vinatumwa kwa WhatsApp na kwa flashi, na wateja wanataka kiolezo kibebe skripti yake ndani. Nikubali?

---

staki_juu

Mlinzi anafanya kazi, ila pcall ya skripti inamnyang'anya kosa lake. Linatupwa ndani, pcall linalidaka, lupu ya nje inaanza mzunguko mpya, na mlinzi haitwi tena mpaka amri nyingine 100,000 zipite, ambazo karibu zote zitakuwa ndani ya pcall ijayo. Ongeza mstari mmoja kabla ya luaL_error:

```
lua_sethook(L, mlinzi, LUA_MASKCOUNT, 1);
```

Muda ukishaisha, mlinzi anaitwa kwenye kila amri. Pcall ikidaka, amri ya kwanza baada yake inatupa kosa tena, safari hii hakuna wa kulidaka, linafika kwako. Skripti inayofuata ukiianzisha, rudisha 100,000.

Kuna mianya mingine mitatu ya hapo hapo.

Korutini (funksheni inayoweza kusimama na kuendelea baadaye) ina mlinzi wake, na coroutine.resume inadaka kosa kama pcall. Kazi zako hazihitaji korutini, usifungue maktaba hiyo. Kwenye orodha niliyotoa juu haimo.

`__gc`: Lua inamzima mlinzi wakati funksheni ya `__gc` (inayoitwa kitu kinapokusanywa kama taka) inaendeshwa. Skripti ikiweka lupu isiyoisha humo, hakuna wa kuisimamisha. Funika setmetatable kwa yako inayokataa jedwali lenye `__gc`, na kwenye userdata zako zote (vitu vya C++ unavyoipa skripti) weka `__metatable` ili skripti isifikie metatable halisi (jedwali la tabia za kitu).

Funksheni za C: mlinzi anahesabu amri za Lua tu, ndani ya C hahesabu. string.rep ya baiti bilioni moja inazuiwa na bajeti ya kumbukumbu, hiyo haina shida. Mbaya ni hii:

```
string.find(string.rep("a", 50000), ".-.-.-.-b")
```

Haihitaji kumbukumbu, inazunguka tu ndani ya lstrlib.c. Dawa ninayoiona safi ni kuongeza kihesabu kwenye MatchState, kipande kimoja kila funksheni `match` inapoitwa, ikifika milioni kadhaa tupa luaL_error. Ni mistari mitatu minne, na kwa kuwa toleo la Lua ni la kwako ndani ya mradi, hakuna wa kukubadilishia chini ya miguu.

Hilo la toleo liwekee msimamo tangu sasa. Lua 5.1, 5.2, 5.3 na 5.4 hazilingani kikamilifu: setfenv iliondoka, unpack ikawa table.unpack, namba kamili zikaja na 5.3. LilyPond (programu ya kuandika nota za muziki) ilibaki na Guile 1.8 (lugha yake ya skripti) kwa miaka mingi, ikahamia 2.2 kwenye toleo 2.24 la mwaka 2022. Chagua 5.4, ibaki hiyo hiyo.

---

dada_pointa

Nakubali hilo la pcall ni mtego, ndiyo maana nilitaja try/catch.

Kuhusu violezo: usikubali. Hati ikibeba msimbo unaojiendesha, umefungua tena duka lililofungwa kwa shida. Kirusi cha Concept kilisambaa ndani ya hati za Word mwaka 1995, Melissa kikafuata Machi 1999, na ilimchukua Microsoft mpaka 2022 kuzuia kwa chaguo-msingi makro za faili zilizotoka intaneti.

Halafu usidhani utaiga kinga hiyo kwa urahisi. Windows inatambua faili la intaneti kwa alama ya Zone.Identifier inayokaa pembeni ya faili kwenye NTFS. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, ambazo haziwezi kuibeba. Faili likipita kwenye flashi ya steshenari mara moja, alama imekwisha, na kihariri chako kitaliona ni la nyumbani.

Weka hivi: kiolezo kibebe jina na toleo tu, mfano `mtihani.namba`, toleo 3. Skripti yenyewe inasakinishwa mara moja na mwenye ofisi, inakaa chini ya %APPDATA%, na kihariri kinahifadhi SHA-256 yake (alama ya kutambua kama yaliyomo yamebadilika) pamoja na orodha ya ruhusa: kusoma hati, kubadilisha hati, kusoma CSV iliyochaguliwa na mtumiaji kwenye dirisha. Asiye na skripti anafungua kiolezo kama maandishi ya kawaida na kuambiwa kinachokosekana.

Skripti isiombe ruhusa ya njia ya faili. Dirisha la kuchagua lifunguliwe na kihariri, skripti ipewe yaliyomo. Figma (programu ya usanifu) walijaribu njia nyepesi ya kutenga plagini, wakakuta mapengo mwaka 2019, wakahamia QuickJS iliyokompailiwa kuwa WebAssembly. Kizimba cha kuongezea baadaye ni ghali.

---

Mwinyi_C

Mnabishana lugha, lakini kitakachomuua ndugu yetu ni mpaka kati ya skripti na hati. Lugha zote mbili zitafaa mpaka ukikaa vizuri, na zote zitaanguka ukikaa vibaya.

Kwanza, hiyo vita ya UTF-16 na baiti inaisha ukikataa kumpa skripti namba za nafasi. Mpe kitu, tukiite kipande, ambacho upande wa C++ ni QTextCursor yenye uteuzi. QTextCursor inajisogeza yenyewe maandishi yakiongezwa au kufutwa kabla yake. Skripti ya apostrofi inakuwa hivi:

```
hati:hariri("Sawazisha apostrofi", function(h)
  for k in h:tafuta("ng'") do
    k:badilisha("ng’")
  end
end)
```

Hakuna hesabu ya baiti hata moja. Na `tafuta` iendeshe QRegularExpression, si ruwaza za Lua, kwa sababu ruwaza za Lua hazina alama ya "au", na vijana wataitafuta siku ya kwanza. Kama h:tafuta inakusanya matokeo yote kwanza, sawa. Kama inatafuta moja moja, ianzie mwisho wa kipande kilichobadilishwa, la sivyo skripti inayobadilisha "ng'" kuwa kitu chenye "ng'" ndani yake haimalizi.

Pili, usiweke pointa ya C++ ndani ya userdata. Skripti inashika aya kwenye kigezo cha juu, mtumiaji anaifuta aya, kesho yake menyu inabofywa, pointa inaelekea hewani. Weka namba:

```
struct Rejeo { quint64 hati; quint64 kipande; quint32 kizazi; };
```

Kila mwito unaitafuta kwenye jedwali la hati. Kizazi kikiwa tofauti, toa kosa "aya hii imefutwa". Na daima luaL_checkudata yenye jina la aina, kamwe lua_touserdata peke yake, maana skripti inaweza kuchukua funksheni ya kipande na kuiita juu ya jedwali.

Tatu, Tendua. Mtumiaji akibonyeza Ctrl+Z mara moja, kazi yote ya skripti iondoke. Barua 300 zisihitaji Ctrl+Z 300. beginEditBlock mwanzoni mwa `hariri`, endEditBlock mwishoni, kupitia kitu cha C++ kinachofunga chenyewe kinapotoka. Hapo ndipo ushauri wa @staki_juu wa kukompaili kama C++ unalipa. Longjmp ikiruka endEditBlock, mpangilio wa ukurasa hausasishwi tena, maandishi yanaingia lakini skrini imeganda, na mtumiaji anadhani mashine imekufa.

Skripti ikikosea katikati, funga kizuizi kisha ita undo() ili hati irudi ilivyokuwa. Ila angalia kwanza availableUndoSteps() kabla na baada. Kama haikuongezeka, skripti ilikufa kabla haijagusa kitu, na undo() hiyo itafuta alichoandika mtumiaji mwenyewe dakika moja kabla. Anayeripoti hitilafu hiyo atasema "kihariri kinakula sentensi", na utaitafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Nne, matukio. Skripti ya "kabla ya kuhifadhi" ikibadilisha hati, tukio la "hati imebadilika" linaamsha skripti nyingine, nayo inabadilisha, na mchezo unaendelea. Weka bendera moja kwa hati nzima: skripti ikiwa inaendeshwa, matukio yanapangwa foleni, hayaitwi papo hapo. Skripti za matukio zipe milisekunde 200, za menyu sekunde 10.

Kitufe cha Katisha kiwe kwenye QProgressDialog ya kuzuia dirisha zima. Inapozuia, setValue yake inaita processEvents yenyewe, kwa hiyo iite kutoka kwa mlinzi. Usiite processEvents bila dirisha la kuzuia, mtumiaji ataandika ndani ya hati wakati skripti iko katikati yake.

Kwa orodha yako ya kazi ningekwenda na Lua, kwa udogo na kwa mgao wa kumbukumbu. Ila hoja ya dada kuhusu vijana kujua JavaScript ni ya kweli, na ukiwa na API ya vipande, kuhamia QuickJS baadaye ni kazi ya faili moja la mpakani.

---

hati_huru

Mlinzi sasa anashika, Tendua ya mara moja inafanya kazi. Violezo vitabeba jina tu. Kimebaki kiroja kimoja kwenye fedha kwa maneno. CSV ina kiasi kama "1,000,000", naondoa koma:

```
local kiasi = tonumber(s:gsub(",", ""))
```

"350,000" inatoa kosa la "base out of range", "2,350,000" inarudisha nil, na "1,000,000" imetoka "shilingi sitini na nne".

---

staki_juu

gsub inarudisha vitu viwili: stringi na idadi ya mabadiliko. tonumber inachukua cha pili kama msingi wa namba. Koma moja ni msingi 1, haupo. Koma mbili ni msingi 2: "2350000" ina tarakimu zisizokubalika humo, inatoka nil, lakini 1000000 kwa msingi wa 2 ni 64 halali kabisa. Zungushia mabano ili kibaki kimoja:

```
local kiasi = math.tointeger(tonumber((s:gsub(",", ""))))
```

math.tointeger ni kwa ajili ya CSV zinazoandika 2350000.00. Bila hiyo namba inakuwa ya desimali, `//` inakupa 2.0, na barua inatoka "shilingi 2.0 milioni" mahali popote unapoiunganisha na maandishi. Kagua kama tonumber imerudisha nil kabla ya kuiita math.tointeger, na mwambie mtumiaji ni mstari wa ngapi wa CSV.

---

dada_pointa

Kwenye JavaScript ni `Number(s.replaceAll(",", ""))`, na ni sahihi mpaka 9,007,199,254,740,992. Hata bajeti ya serikali haifiki hapo. Nimemaliza.